Jino Chini ya Jicho

Kitale,
3 Juni 2024

Mzee Eliakim Nyongesa,

Hatujuani. Mimi naitwa Ciru Gathii, daktari wa masikio, pua na koo hapa Kitale. Mwezi uliopita nilikuja Malakisi kumzika mama yake Mary Ann, muuguzi ninayefanya kazi naye, na huko ndiko nilikokusikia ukiimba.

Ulipoanza, niligeuka kutafuta spika. Haikuwepo. Nikatafuta mtu wa pili anayekuitikia. Naye hakuwepo. Kulikuwa na sauti moja nzito chini, kama trekta iliyoachwa ikinguruma nje ya lango, na juu yake nyingine nyembamba, na zote mbili zilitoka kwa mtu mmoja aliyevaa koti la kahawia. Nilisahau kwamba niko mazishini. Mary Ann, mwenye msiba wake, ndiye aliyenifinya mkono akaninong'oneza, "Daktari, funga mdomo."

Nimekuwa nikifanya utafiti. Ndani ya mifupa ya uso wa kila mtu mna vyumba vya hewa, juu ya macho, katikati yake, na nyuma ya mashavu. Tunaviita sainasi. Vikijaa usaha, mtu huumwa kichwa na uso asijue ageukie wapi. Kwa baridi ya Kitale na vumbi la mahindi, nusu ya wagonjwa wangu ni wa ugonjwa huo. Kuna madaktari wanaosema kwamba mtu akivumisha sauti mdomo ukiwa umefungwa, mtetemo husaidia hewa kupita humo. Nikajiuliza: mtu aliyeunguruma maisha yake yote, vyumba vyake vikoje? Na koo lake linafanya nini ambacho langu haliwezi?

Ningeomba uje Kitale. Tutapitisha kamera nyembamba puani ili tulione koo ukiimba, kisha tupige picha ya kichwa. Hatukati kitu. Nauli na chakula ni juu yetu.

Niandikie pia kama pua yako huziba, kama kichwa au uso huuma, na ni nani aliyekufundisha kuimba hivyo.

Wako kwa heshima,
Dkt. Ciru Gathii


Malakisi,
14 Juni 2024

Daktari Ciru,

Mulembe. Barua yako nililetewa na Mary Ann mwenyewe. Nakujibu kwa barua kwa sababu simu yangu ni ile ya tochi, na mambo ya koo langu sitaki kuyapigia kelele sokoni.

Mke wangu Nelima aliisoma kabla yangu. Alipofika kwa neno kamera akakaa chini. "Ati waipitishe wapi?" Ndugu yangu mkubwa, Hillary, yeye anasema watu wa Kitale wanataka kukata koo langu wakaliuze. Nikamwambia, bana, koo la mtu wa miaka hamsini na moja atalinunua nani?

Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa darasa la tatu, nimejilaza kwa stoo ya kukaushia tumbaku ya baba, nikaanza kuunguruma. Mama alikuja mbio na fimbo akidhani fahali wa jirani ameingia. Tangu siku hiyo sijaacha. Matangani wananiita, harusini wananiita, na zaidi ya yote wananiita Agosti ya mwaka wa tohara. Mwaka huu ndio huo mwaka, tena mwaka huu ni wangu. Nina mabinti wanne na kijana mmoja, Makokha, na Agosti hii anakatwa. Nimewaimbia vijana wa watu wakasimama imara mbele ya kisu. Sasa nitamwimbia wangu.

Kwa maswali yako: pua haizibi. Kichwa hakiumi. Niko sawa kama fahali wa maonyesho ya kilimo.

Nitakuja. Lakini hilo koo ulirudishe mahali ulipolikuta.

Ni mimi,
Eliakim Nyongesa


Kitale,
1 Julai 2024

Mzee Nyongesa,

Bado Chepkemei, muuguzi aliyekushikia kichwa siku ile, anasimulia jinsi ulivyoliona koo lako kwenye skrini ukacheka mpaka kamera ikatikisika. "Kumbe ndani niko na mdomo mwingine!" Ulisema kweli. Watu wote tuna nyuzi mbili za sauti, na juu ya nyuzi hizo kuna mikunjo miwili minene ambayo kazi yake ni kuziba njia tunapokohoa au tunapoinua mzigo. Wengi wetu tunazikwa bila kujua kwamba tulikuwa nayo. Wewe unaikutanisha ikatetemeka polepole juu ya nyuzi zako, na huo ndio mngurumo. Nimeitazama video hiyo mara nyingi na bado inanishangaza.

Lakini hiyo siyo sababu ya barua hii.

Picha ya kichwa ilitoka Ijumaa. Nilipoiona nilimwita Dkt. Ngige, mkubwa wangu katika upasuaji. Akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaniuliza, "Huyu mtu anatembea?"

Mzee, kuna jino ndani ya shavu lako la kushoto. Halipo kwenye ufizi. Limeota juu, ndani ya chumba cha hewa, kichwa chini miguu juu, na limesimama chini kabisa ya jicho. Lilipotea njia ulipokuwa mtoto, wakati meno ya utu uzima yalipokuwa yakishuka. Limejifungia ndani ya kifuko, na kifuko kimejaa usaha. Mfupa unaotenganisha usaha huo na jicho lako umelika ukawa mwembamba kama ganda la yai.

Uliniandikia kwamba kichwa hakiumi. Sikuiti mwongo. Ila sijawahi kuona picha kama hii ya mtu asiyeumwa.

Njoo tulitoe mwezi huu. Njoo na Mama Makokha, nimweleze mwenyewe.

Ciru Gathii


Malakisi,
9 Julai 2024

Daktari,

Tangu nisome barua yako ulimi wangu haujatulia. Naamka nikihesabu meno, nalala nikihesabu meno, nikitafuta pengo la hilo lililotoroka.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha neno la watu wa pwani, kigego, mtoto anayeota meno ya juu kwanza, ati ni mkosi kwa ukoo mzima. Sasa mtu aliyeota jino likaelekea jicho anaitwaje? Hillary akisikia atataka nitolewe kafara.

Nilikudanganya. Kinauma. Kinauma tangu darasa la tatu. Sikuwa nimelala kwa ile stoo ya tumbaku. Nilikuwa nimebandika shavu kwenye sakafu ya udongo kwa sababu ilikuwa baridi, nalia kwa siri, maana baba hakupenda kijana anayelia. Nikakibana kilio kikashuka chini kifuani, na kiliposhuka shavu lote likaanza kutetemeka, na yale maumivu yakaachilia. Daktari, ni kama mtu alifungua dirisha. Kitu kikatiririka nyuma ya koo, kichungu, na nikapumua. Nikajua dawa yangu ni hiyo. Yakizidi, naunguruma. Nilipokuwa mkubwa nikaongeza ugoro, kidogo asubuhi, kidogo jioni. Na watu wakasema, jamani, huyu mtoto ana kipaji.

Sasa umeniambia jambo ambalo sikulijua, na limenipiga vibaya kuliko hilo jino lenyewe. Kiswahili kina neno moja tu hapo. Kuugua ni kuwa mgonjwa, na kuugua ni ile sauti anayotoa mgonjwa. Miaka yote hii watu wamenipigia makofi nikiugua.

Ukiling'oa, nitaimba na nini?

Siwezi kuja mwezi huu. Makokha anakatwa Agosti. Ameshaanza kuzunguka kwa wajomba na njuga zake akiwaalika. Anajua baba yake atamtoa mtoni kwa sauti hiyo mpaka uani. Ngoja hiyo ipite, kisha nitajileta mwenyewe.

Nelima nimemwambia umesema niko sawa. Usinichongee.

E. Nyongesa


Kitale,
16 Julai 2024

Mzee Nyongesa,

Nakuomba kama ambavyo ningemwomba baba yangu kule Kachibora, ambaye naye hasikii: usingoje.

Sauti yako haitoki kwenye jino. Nimeiona inakotoka, na huko hatutagusa. Kama baada ya kupona utakuwa na hamu ya kuimba, hilo siwezi kulijua, na hakuna kamera inayoweza kulionyesha. Lakini koo litakuwa lile lile.

Nimekutumia dawa kwa mkono wa Mary Ann. Zinywe zote hata ukijisikia vizuri. Hazitauondoa usaha huo, zitatupunguzia hatari tu. Ugoro uache leo. Na jicho la kushoto likianza kuvimba, au ukiona vitu viwili mahali pa kimoja, usimalize hata chakula kilicho kwenye sahani. Nenda hospitali yoyote uliyo karibu nayo, uwaambie wanipigie.

Siri yako nitaitunza, kwa sababu kazi yangu inanitaka niitunze. Siipendi siri hii. Mwambie mkeo.

Ciru


Bungoma,
19 Agosti 2024

Daktari,

Mimi ni Nelima, mke wa Eliakim Nyongesa. Barua hii nimempa dereva wa ambulensi inayomleta kwako kwa sababu nikikupigia simu nitakutukana, na mimi ni mama wa kanisa.

Mume wangu alikuja kwako akitembea. Ukamwingiza chuma puani. Akarudi akaniambia, "Daktari anasema niko sawa kabisa." Sasa mtazame.

Makokha alikatwa jana alfajiri. Wanaume walikuwa wamemshukisha mtoni kumpaka matope, sisi wanawake tukabaki uani kungoja. Nikasikia sauti ya Nyongesa ikipanda kutoka bondeni. Nimeijua sauti hiyo tangu nikiwa msichana, lakini ya jana ilinitia baridi. Ilikuwa kubwa mno. Mbwa walinyamaza. Wanawake wakaniambia, "Leo mzee wako amejiandaa." Nami nikajisifu, Daktari. Nilisimama pale nikajisifu.

Walipoingia langoni Nyongesa alikuwa amevuta kofia ikafunika upande mmoja. Upepo ukaisukuma. Nikaona. Jicho la kushoto lilikuwa limesukumwa nje, jekundu, kope haziwezi kulifunika. Nikapiga kelele. Akaninyooshea kiganja: nyamaza. Na hakuacha kuimba hata pumzi moja. Mtoto akasimama. Hakutikisika, hakupepesa. Kisu kikapita, filimbi ikalia, vigelegele vikapigwa, na yeye akaumaliza wimbo mpaka mwisho wake. Kisha akakaa kwenye nyasi polepole akaniuliza, "Nelima, mbona mmezima taa upande huu?"

Jua lilikuwa limeshatoka.

Tulimkimbiza hospitali hapa Bungoma. Walipoona wakasema Kitale, kwa daktari aliye na picha zake. Hillary anakuja naye. Mimi nimefungwa. Kwetu mama haachi boma wakati kidonda cha mtoto bado kibichi, na nimeshalivunja hilo kwa kufika hapa. Narudi kumpikia mtoto ambaye hajui baba yake yuko wapi.

Uliharibu nini huko ndani? Niandikie ukweli kwa mkono wako. Usimpe Hillary salamu za mdomo. Hillary huchuja.

Nelima


Kitale,
21 Agosti 2024

Mama Makokha,

Mzee yu hai. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umepumua.

Tulimpasua usiku ule ule alipofika, Dkt. Ngige na mimi. Usaha ulikuwa umetoboa ule mfupa ukaingia nyuma ya jicho. Tumeuondoa, na jino tumelitoa. Jicho limerudi mahali pake, limetulia, ukimwona hutaliogopa. Lakini halioni. Nimelipima asubuhi na jioni kwa siku hizi mbili nikitumaini nimekosea. Sikukosea, na halitaona.

Kamera yangu haikuharibu kitu. Nakuomba ukae chini kabla ya kusoma yanayofuata.

Ndani ya shavu la mumeo kulikuwa na jino lililoota mahali pasipo pake tangu utotoni. Niliiona picha mwisho wa Juni nikamwandikia. Alijua. Alijua kuhusu jino, usaha, na hatari ya jicho. Alichagua kungoja mpaka amwimbie Makokha, na alichagua kukuambia yuko sawa. Maumivu ameishi nayo tangu mtoto, na kuunguruma ndiyo ilikuwa njia yake ya kuyapunguza. Leo asubuhi nilimwuliza kama naweza kukueleza. Alichukua kalamu kwenye mfuko wa muuguzi akaandika kwenye bendeji ya mkono wake: Mwambie yote. Usipunguze.

Utaniuliza kwa nini sikukupigia simu Julai. Sheria ya kazi yangu inanikataza kutoa siri ya mgonjwa bila ruhusa yake, na niliifuata. Juzi alipoteremshwa kwenye ambulensi, nilimwona uso, na sheria hiyo ilinikaa kooni kama mwiba.

Jambo moja zaidi. Hasemi. Nimelichungulia koo lake na ni zima kabisa. Anaweza. Ila tangu alipoamka hajatoa hata neno, na Hillary akimwuliza kitu anageukia ukutani.

Mwandikie wewe.

Ciru


Malakisi,
27 Agosti 2024

Baba Makokha,

Barua ya daktari nimesomewa? La, nimejisomea mwenyewe, peke yangu, jikoni, na ugali ukaungua.

Sijui nianzie wapi kukugombeza. Nimelala kando ya hilo jino miaka yote ya ndoa yetu. Ulikuwa ukiunguruma usingizini na mimi nikiwatuliza watoto, "Nyamazeni, baba yenu anatunga." Unanisikia? Nilikuwa nawanyamazisha watoto ili uumie vizuri.

Ungeniambia Julai ningekubeba mgongoni mpaka Kitale. Na Makokha angeimbiwa na Hillary, ambaye huimba kama mlango, na angesimama vile vile, kwa sababu ni mtoto wako.

Yeye anaendelea vizuri. Kidonda kinakauka. Lakini watu hawawezi kufunga midomo, na mmoja wa walezi wake wa jando akamwambia. Juzi aliniuliza, "Mama, ni kweli baba amepoteza jicho kwa ajili yangu?" Mimi ninayejibu kila kitu, nikamwambia akule.

Kwa hivyo usigeukie ukuta. Huko ukutani hakuna mtoto. Kuna mmoja hapa anangoja jibu, na jibu hilo si langu kulitoa. Rudi uje uongee.

Hillary ameniambia kwa simu ati jino lizikwe mbali, ng'ambo ya mto Suam, lisije likaturudia. Mwambie madaktari wamelitupa zamani, na yeye anywe chai yake anyamaze.

Nimekukasirikia. Chakula chako kitakuwa tayari.

Nelima


Malakisi,
18 Desemba 2024

Daktari Ciru,

Mulembe. Najua ulitarajia barua Septemba. Nilikuwa nikijifunza kumimina chai bila kumwaga, maana kwa jicho moja kikombe huwa hakipo pale unapokiona.

Asubuhi ya kwanza nyumbani niliamka nikashtuka. Hakuna kitu kilichokuwa kinauma. Nilikaa kitandani nikingoja kianze. Jogoo akawika, Nelima akawasha moto, kikakataa kuanza. Nikafungua mdomo niungurume, kwa mazoea tu, nikakuta sina sababu. Nikaufunga. Toka siku hiyo naongea kama watu wengine, lakini sijaimba. Wamenijia kwa matanga mawili nikawaambia daktari amekataza. Nisamehe, nimekusingizia.

Makokha nilimwambia hivi: jicho lilikuwa langu, na uamuzi ulikuwa wangu, na ningekuwa na akili ningekuwa na vyote viwili, jicho na wimbo. Alinisikiliza. Sijui kama aliamini.

Sasa ninachokuandikia. Juma lililopita vijana walitoka jandoni, kukawa na karamu. Siku ya pili nilikuwa nafunga mbuzi nyuma ya nyumba, mdomo wangu umefungwa, nikasikia sauti yangu. Si mfano wa sauti yangu. Yenyewe. Inatoka nyuma ya mabua ya mahindi, nzito chini na ile nyembamba juu. Kamba ilinitoka mkononi na mbuzi wakaenda. Nilifikiri nimekufa na hicho ni kivuli changu kinaimba.

Ni Makokha.

Nilimkamata, Daktari. Nikamfungua mdomo kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikambonyeza mashavu mpaka akalia. "Unaumwa wapi?" "Siumwi, baba." "Sema kweli!" "Siumwi!" Nelima akaja akanitoa kwake. Lakini yeye pia alikuwa ameisikia, na nilimwona akimpapasa mtoto shavu la kushoto. Mimi nilikuandikia maneno hayo hayo, kichwa hakiumi. Nilikuwa naandika huku nimeshika shavu.

Ana umri ule ule ambao mimi nilikuwa nimeshazoea kudanganya. Kama nimemrithisha jino hilo, nitafanya nini? Tangu siku hiyo hatulali. Tunamsikiliza anavyopumua.

Tunakuja Kitale sote watatu. Mwangalie kila mahali. Ukiona kitu, niambie mbele ya mama yake.

Eliakim


Kitale,
6 Januari 2025

Mzee Nyongesa na Mama Makokha,

Najua niliwaambia kwa mdomo mlipokuwa hapa, na najua pia, Mzee, kwamba hukuniamini. Ulikuwa ukinitazama kwa lile jicho moja kama hakimu. Kwa hiyo naandika, niweke sahihi, ili msome tena nyumbani. Dkt. Ngige amezitazama picha na amekubaliana nami.

Sikumpiga ile skani kubwa uliyopigwa wewe, kwa sababu mionzi yake si ya kumpa mtoto bila haja. Kamera na picha ya kawaida ya eksirei zilitosha. Vyumba vyote vya uso wake vina hewa tupu, pande zote mbili. Meno yake yote yapo na kila moja limesimama mahali pake. Hana usaha, hana kifuko, hana uvimbe. Nilimgonga mashavu, nikambonyeza chini ya macho huku namwuliza habari za shule ili asijiandae, na hakukunja uso.

Nilimwomba aungurume kamera ikiwa ndani. Mikunjo ile ikakutana na kutetemeka sawasawa na yako. Chepkemei alitoka nje kidogo. Aliporudi alisema ameenda kutafuta glavu.

Mlipokuwa mmekaa nje nilimwuliza Makokha alijifunza wapi. Akasema, "Namsikia baba tangu nizaliwe." Nikamwuliza kwa nini anapenda kuimba hivyo. Alinitazama kama mtu anayeona daktari hajaelewa maisha. "Ni tamu," akasema.

Utafiti wangu nimeuanza upya. Nilitaka kuandika kwamba mngurumo huulinda uso na maradhi. Wewe umeniharibia, kwa sababu uliweza kuunguruma vizuri kuliko wote niliowapima na ukawa mgonjwa kuliko wote. Inawezekana uliupunguza ugonjwa, inawezekana uliuficha tu. Sijui, na nitaandika kwamba sijui.

Lakini kuhusu mtoto wenu najua.

Ciru Gathii


Malakisi,
19 Januari 2025

Daktari Ciru,

Nelima alisoma barua yako kwa sauti tukiwa tumekaa uani baada ya kanisa. Alipofika kwa maneno ya Makokha akaacha kusoma, akaniangalia. "Ati ni tamu," akasema. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mimi nimeimba tangu darasa la tatu, na hakuna siku niliyoiona kuwa tamu. Niliijua kuwa nafuu. Sikuwa nimewaza kwamba ina utamu.

Nikamwita kijana. Alikuja polepole akiangalia mikono yangu, kwa sababu ya mambo ya siku ile ya mbuzi. Nikamwambia, sikushiki. Imba.

Akasita, kisha akaanza. Alianza vibaya, kwa aibu, halafu akapata njia. Nelima akaweka barua chini. Hillary, aliyekuwa amepita tu kuomba chumvi, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mimi nilifumba macho, hata hili lisilo na kazi, nikasikiliza wimbo wangu kwa mara ya kwanza kutoka nje.

Alipofika kwa ubeti wa pili nikaingia. Sikupanga. Hakuna kitu kilichonisukuma, hakuna kitu kilichoachilia. Sauti ya chini ilikuja, ikiwa na kutu kidogo, lakini ilikuja, na shavu likatetemeka bure tu, bila kazi yoyote. Ile nyembamba ya juu haikuja. Nikaitafuta, ikakataa. Makokha alikuwa nayo, safi kabisa, juu kule.

Nikamwachia.

Eliakim Nyongesa